Mijusi wa Mwaka Mmoja

Newala, 4 Julai 1905

Bwana Walter amenipa daftari hili leo na kuniagiza niandike kila siku mambo matatu: jua likoje, upepo unatoka wapi, na kama mijusi wameonekana. Yeye macho yanamsumbua kwa vumbi. Mume wangu Petro, ambaye ndiye mtumishi wake hasa, aliacha shule mapema akaenda kugema mpira, na kalamu mkononi mwake inamtoa jasho kuliko jembe. Mimi nilisoma misheni kule Masasi. Akasema niandike Kiswahili tu, atasoma mwenyewe.

Jua kali, asubuhi baridi. Upepo wa kusini. Mijusi hakuna.

5 Julai

Jua. Upepo wa kusini. Mijusi hakuna.

9 Julai

Kama jana.

11 Julai

Mjusi anayetafutwa ni mdogo. Mwili hauzidi kidole cha shahada, ila mkia ni mrefu kuliko mwili. Magamba yake yanakwaruza ukimshika. Rangi yake ni ya mchanga, ana mstari mweupe ubavuni, na madume wakati wa mvua huwa wekundu chini ya mstari huo. Mwezi wa tatu walijaa kando ya mashamba, wakila mchwa, wakichimba vijishimo chini ya vichaka na kulala humo. Bwana alitia wengi kwenye chupa za spiriti. Mwezi wa tano wakaanza kupungua. Sasa hatuoni hata mmoja, na Bwana hana raha. Anadhani moto wa mashamba umewaua, au wamehama.

Mama mkwe wangu, Adija, anasema amezaa mtoto mmoja tu akaishi, na mtoto huyo mzima na ndevu zake anapiga magoti mchana kutwa kumtafuta mjusi. Chupa za mijusi hataki ziingie nyumbani kwake. Mimi namheshimu, lakini maneno yake yananichosha.

19 Julai

Petro amepata mayai. Alikuwa anachimba mahali pa mchanga nyuma ya shamba letu la mihogo akakuta kitobo kilichozibwa, na ndani yake mayai meupe, laini, makubwa kidogo kuliko kunde. Bwana alilala kifudifudi kuyatazama. Kisha wakachimba kwingine wakapata mengine. Bwana alipasua yai moja, akaonyesha kijusi ndani, kichwa tu na macho.

Jioni alituita barazani kwake akatueleza. Alisema kwa miezi miwili amekuwa akijiuliza mijusi wamejificha wapi, kumbe hawakujificha. Wamekufa wote. Mvua ikiisha hutaga, kisha baba na mama hufa, na kiangazi chote nchi nzima haina mjusi wa aina ile hata mmoja aliye hai juu ya ardhi, ni mayai tu chini yake. Mvua ikirudi watoto hutoka, wanakua, wanataga, wanakufa. Maisha yao ni mwaka mmoja.

Petro aliuliza nani basi anawafundisha watoto kuchimba. Bwana akasema hakuna. Njiani kurudi nyumbani Petro aliniambia hajawahi kumwonea mjusi huruma mpaka leo.

20 Julai

Bwana amenipa mkebe wenye mchanga na mayai. Nisiuache ukauke sana wala ulowe. Jua, upepo wa kusini.

2 Agosti

Jua. Mkebe salama. Nimekwenda bondeni kuchota maji na Mama Adija. Njia ya genge, ule ukingo mkali wa mlima, imemchosha, amepumzika mara nyingi, lakini hataki nimbebee mtungi.

13 Agosti

Bwana anataka kuhakikisha kwamba hata huko chini, kwenye joto, mijusi wamekufa wote. Kesho Petro atateremka mpaka Chiwata na kuzunguka huko. Amepewa chupa ndogo ya spiriti yenye mijusi wawili wa kuwaonyesha watu, akipata wengine awatie humo. Mama hakutaka aende. Alisema huko chini kuna maneno. Petro alicheka akamwambia atarudi kabla mihogo haijakauka juani.

14 Agosti

Ameondoka alfajiri.

22 Agosti

Kisimani wanasema kuna watu wanapita vijijini huko kaskazini wakigawa maji ya dawa. Ukinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Wengine wanasema wamekwisha vuka mto. Mama Sijaona, jirani yetu, aliniuliza maji yaliyomo katika chupa za Bwana ni ya nini. Nikamwambia ni spiriti, ya kuzuia mijusi wasioze. Akaniambia nisiseme hivyo mbele ya watu, maana hakuna atakayeamini kwamba Mzungu amevuka bahari kwa ajili ya mjusi.

30 Agosti

Moshi umeonekana kutoka ukingoni mwa genge, upande wa Masasi. Watu wote wametoka kutazama. Jioni wakaja waliokimbia wakasema misheni imechomwa, na waalimu wamekimbia.

Petro hajarudi.

2 Septemba

Bwana ana homa. Mkojo wake ni mweusi. Upepo wa kusini.

6 Septemba

Wamekuja wapagazi wenye machela kumchukua Bwana mpaka Lindi. Nilikwenda kumwuliza afanyeje Petro, naye ametumwa huko chini kwa kazi yake. Alinitazama akanijibu kwa Kijerumani, maneno mengi, kwa upole, kama anayenielewesha jambo. Sikuelewa hata moja. Mpishi wake alisema anaongea na mama yake.

Chupa zote zimebaki, zimefungiwa ndani. Ufunguo ninao mimi.

7 Septemba

Hakuna habari.

8 Septemba

Hakuna.

12 Septemba

Mama ameanza kula nje, mlangoni, akitazama njia. Sasa mimi nami nakula hapo.

20 Septemba

Leo amefika Shamte, ombasha, koplo wa askari wa Wadachi, mtu wa Masasi. Yeye na Petro waligema mpira pamoja zamani. Alikaa mkekani, akamwamkia Mama shikamoo. Mama akamwambia aseme.

Alisema Petro yuko hai, amekamatwa. Vita ilipozuka alijificha majabalini na watu wengine wa Chiwata. Kiu na njaa vikawatoa. Askari waliwakuta njiani, wale wengine watatu na vibuyu vya maji, Petro na chupa yenye maji meupe na mijusi wawili ndani. Askari waliona hiyo ndiyo dawa yenyewe, na Petro ndiye mganga wao. Shamte aliapa kwamba anamjua, wakamwambia anyamaze kama hataki kuvuliwa vazi la serikali. Bwana wa vita atawahukumu siku yoyote.

Nikawaza kwamba mtu mmoja tu angeweza kusema neno likatosha, naye yuko Lindi anaongea na mama yake.

Mama aliingia ndani akatoka na kaniki ya safari imefungwa kiunoni. Nikachukua ufunguo, nikafungua nyumba ya Bwana, nikatoa chupa moja kubwa ya mijusi.

27 Septemba, nyumbani

Naandika yote sasa, kwa sababu njiani sikuweza.

Tulitembea na Shamte siku mbili. Chini ya genge vijiji vilikuwa vitupu. Mahali pengine mtama ulikuwa bado unafuka moshi ndani ya vihenge. Mama hakulalamika kwa miguu wala kwa jua. Kila tulipopumzika aliniuliza kama chupa iko salama, yeye ambaye alikuwa haruhusu ipite mlangoni kwake.

Masasi tuliingia mchana. Shule niliyosomea ilikuwa kuta tu, nyeusi, na mlango wa darasa letu haupo. Bwana wa vita alikuwa kijana, Mdachi mwenye uso ulioungua na jua, ameketi chini ya turubai na mkalimani wake. Shamte alituombea ruhusa. Nikapiga magoti, nikaweka chupa mezani, nikaeleza: huyu ni mtumishi wa Bwana Walter wa Newala, Bwana anakusanya mijusi, maji haya ni spiriti, hata yale aliyokutwa nayo mume wangu ni haya haya, na mijusi ni wa aina moja.

Nilikuwa nimeogopa kwamba kuleta chupa ya pili kutazidisha shaka. Lakini yule Bwana alizibua chupa yangu akainusa. Akaagiza ile ya Petro, akainusa nayo. Akatia kidole, akalamba, akatema. Kisha akacheka, akamwambia mkalimani maneno.

Mkalimani alisema, "Bwana anasema mumeo si mtu wa maji. Ni mtumwa wa mwenda wazimu. Hatanyongwa."

Mama alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Hapo nilipaswa kuondoka. Lakini kulikuwa na mwanamke amekaa pembeni, mke wa mmoja wa wale waliokamatwa pamoja na Petro. Alikuwa amesikia yote. Alinivuta nguo, akaniambia kwa Kiyao niseme na kwa ajili ya mumewe, kwa kuwa mimi wananisikiliza. Vibuyu vitatu vilikuwa chini ya meza. Nikamwambia mkalimani kwamba vile vibuyu ni vya maji ya kunywa tu, kwamba watu hawa walikuwa majabalini ambako hakuna kisima, na mtu yeyote wa huku akisafiri kiangazi hubeba kibuyu.

Yule Bwana hakukasirika. Alichukua kibuyu kimoja, akakizibua, akakinusa kwa makini kama alivyonusa chupa.

Mkalimani akasema, "Anasema spiriti ina harufu. Haya hayana harufu. Atajuaje?"

Ningemwambia nini? Kwamba maji ya kunywa ndivyo yalivyo? Yule mwanamke alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja. Nilisema tena maneno yale yale, na mkalimani hakuyafasiri.

Waliwanyonga asubuhi yake, wote watatu, na wengine wa sehemu za Lukuledi. Hatukwenda kutazama, lakini ngoma ilipigwa kuwaita watu, na tuliisikia.

Nilikuwa nimeuliza kama naweza kuondoka na mume wangu. Nikajibiwa kwamba mizigo ni mingi na wapagazi wamekimbia, na mtu mwenye mabega kama yale haendi nyumbani. Jeshi linakwenda magharibi. Akimaliza safari atarudi. Shamte alituambia kwa sauti ya chini kwamba amefanya alichoweza, na hakuweza kututazama.

Tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa amefungwa mnyororo shingoni pamoja na wengine, amekonda, midomo imepasuka. Mama alimlisha ugali kwa mkono wake kama mtoto, tonge kwa tonge, na yeye akala bila aibu. Nilikuwa nimejiandalia mengi ya kumwambia. Yeye akaniwahi kusema.

"Kihenge kimeoza upande wa mashariki," alisema. "Mwombe Halfani akusaidie kukitengeneza kabla ya mvua."

Nikasema nitamwomba.

"Na Mama usimwache ashuke genge peke yake."

Nikasema sitamwacha. Kisha wakaitwa kunyanyua mizigo. Wake ulikuwa sanduku refu la bati, likamkaa vibaya kichwani, akawa analisogeza na mnyororo unawavuta wenzake, nao wakamlaani. Mama alitaka kwenda kumwekea kata ya majani ya kutulizia mzigo, askari akamzuia kwa bunduki. Tukasimama mpaka vumbi likaisha.

4 Oktoba

Halfani amekuja, ametengeneza kihenge.

5 Oktoba

Jua kali sana. Upepo umegeuka, unatoka mashariki. Sijui kwa nini naendelea kuandika upepo.

15 Oktoba

Askari wamepita Newala wakachukua mtama wa watu kwa chakula cha jeshi. Kihenge chetu kipya wamekiacha kitupu. Walituachia mihogo iliyo ardhini kwa sababu hawakuwa na muda wa kung'oa.

24 Oktoba

Siafu wameingia katika mkebe. Nilipoufungua asubuhi kulikuwa na maganda tu. Nilikaa nao mapajani muda mrefu. Mama alikuja, nikadhani atafurahi. Akauchukua, akaumwaga nje mbali na nyumba, akarudi akakaa nami.

3 Novemba

Hakuna habari. Joto.

11 Novemba

Wakimbizi wamejaa. Mihogo imeibiwa. Tunakwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu. Mama ana jicho la kuona mahali mzizi ulipo, mimi ninachimba. Jana tumepata ya kututosha, leo hatukupata.

17 Novemba

Ming'oko. Wingu limepita bila mvua.

18 Novemba

Hakuna kitu.

26 Novemba

Mtoto wa Mama Sijaona amezikwa. Hakuugua, alikuwa na njaa tu.

3 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Leo amekuja mtu anaitwa Fikirini, wa kijiji cha jirani, ameachiwa kutoka kwenye upagazi. Shingo yake ina kovu pande zote. Alikuwa amefungwa nyuma ya Petro.

Alisimulia bila kuzunguka, na namshukuru kwa hilo. Walivuka nchi ya Wayao mpaka wakaanza kupanda kuelekea Songea. Petro alishikwa na tumbo la kuhara damu. Alibeba siku kadhaa hivyo hivyo. Alipoanguka wakamfungua mnyororo, wakamlaza kivulini kando ya kijito, na sanduku lake wakapewa Fikirini na mwenzake kwa zamu. Alikuwa bado anapumua. Fikirini alitaka kumwachia maji karibu, hakuwa na chombo, vibuyu vyote vilikuwa vimepigwa marufuku katika msafara. Akalowesha nguo yake kijitoni akamwekea mdomoni. Waliporudi njia ile ile aliuliza wenyeji, wakamwonyesha mahali walipomzika.

Mama aliuliza walimlaza ameelekea wapi. Fikirini hakujua.

4 Desemba

5 Desemba

Watu wamekuja kuhani. Hatuna cha kuwapa.

12 Desemba

Mvua nzuri. Watu wanapanda, walio na mbegu. Kandokando ya shamba nimewaona: wadogo mno, hawafiki urefu wa sindano ya mkeka, mstari wao mweupe umekwisha toka ubavuni. Wanakimbia, wanasimama, wanaramba matone kwenye majani. Hakuna aliyewafundisha. Nilitaka kumwita Petro.

20 Desemba

Bwana Walter amerudi kutoka Lindi, amekonda, nywele nyingi zimenyonyoka. Hakujua. Alipita moja kwa moja mpaka kwetu akamwita Petro kwa jina akiwa bado njiani, kwa furaha, kwa sababu njiani alikuwa amewaona wale wadogo. Nilimwambia barazani.

Alikaa chini palepale kwenye matope. Alilia kweli, siwezi kusema alijifanya. Alisema laiti asingeugua. Nami nilikuwa nimemkasirikia miezi yote hii, nikatafuta ile hasira nikaona imeishiwa nguvu. Alikuwa mgonjwa. Ameuona mkebe mtupu, hakuuliza.

Baadaye alisema mjusi huyu hana jina bado katika vitabu vya Ulaya, na kwamba atampa jina la Petro. Litakaa humo daima, na watu wa nchi zote watalisoma.

Mama aliniuliza kwa Kiyao Bwana anasema nini. Nikamfasiria.

Akafikiri. "Kwani mwanangu amekuwa mjusi?" akauliza.

Bwana alitaka kujua Mama amejibu nini. Nikasema ameshukuru.

21 Desemba

Bwana amekuja tena. Anahitaji wadogo wengi, wa kila wiki, ili aone wanavyokua. Hana mtu. Ameleta mchele kutoka Lindi, gunia zima, akasema atatoa kibaba kwa siku kwa atakayefanya kazi. Hakunitazama aliposema.

Nilimwambia nitamwuliza Mama.

22 Desemba

Sikumwuliza. Asubuhi Mama alikuwa amekwisha amka, amekaa kizingitini, amefunga kaniki. Alisema ming'oko ya karibu imekwisha na magoti yake hayafiki ya mbali, na mimi nimekonda. Akasema twende.

Tulizunguka kando ya shamba la mihogo, yeye mbele. Mimi nilijaribu mara nyingi wakanitoroka. Mama aliinama, akangoja, mkono wake ukiwa juu ya jani bila kutikisika, akaufunika. Alimtoa kwa vidole viwili, taratibu. Mjusi alikuwa anahema upesi upesi, ubavu wote unapanda na kushuka.

"Huyu tunamtia wapi?" aliuliza.

"Humu, Mama," nikasema, nikamfungulia chupa.